Vidonge Vyako vya Kuua Njaa Vimeharibu Posa

Gibeon,
Jumatatu, baada ya kukamua mbuzi.

Kwa Mheshimiwa Mjukuu wangu Drusila Isaaks,
Muuzaji wa Vidonge vya Kukondesha,
Windhoek.

Mheshimiwa Mjukuu,

Kama miguu yako imekatika, niambie nijue, nikuombee. Kama haijakatika, basi useme mwenyewe ni nini kilichokuzuia kufika hapa tangu Pasaka ya mwaka juzi. Mwanambuzi uliyemwacha akinyonya sasa ana wajukuu, na wote hao hurudi nyumbani kila jioni bila kuitwa. Basi la abiria ni lile lile, linashuka huku Ijumaa na kupanda Windhoek Jumapili. Kila Ijumaa natoka nje kulitazama, nasema natazama hali ya hewa.

Salamu zinaishia hapo, sasa nalalamika. Shule sikwenda, unajua, kwa hiyo mkono unaoandika ni wa mzee wa kanisa Efraim na mdomo ni wangu. Nimemkataza kulainisha neno lolote.

Mwezi uliopita ulimpa dereva wa basi kichupa aniletee. Nikafurahi, nikadhani asali. Kumbe ndani ni vidonge, na nje pamechorwa ghaap, mmea wetu wa kutafuna njaa ikibana! Ghaap ile ile ya miiba iliyojiotea nyuma ya zizi langu, ambayo ikitoa maua inanuka mzoga. Na barua yako, aliponisomea Efraim, ilisema: “Ouma, bibi yangu, meza viwili kila asubuhi, unene utapungua na magoti yatapona. Mimi navimeza pia, nataka gauni la harusi linikae. Nikija, tafadhali usinipikie.”

Usinipikie! Haya, malalamiko yangu ni haya.

1. Unene wangu una wenyewe. Sehemu ni ya mama yako, sehemu ni ya wajomba zako watatu, na huu wa mbavu za kushoto ni wako, maana hapo ndipo ulipolala wiki mbili ulipougua surua. Mali ya ukoo haipunguzwi bila kikao.

2. Sisemi ghaap haina faida. Babu yako aliwahi kufuata kondoo waliopotea siku tatu, kipande cha ghaap kikiwa shavuni, akarudi na kondoo wote akitembea wima. Mwaka ule wa ukame mkali tuliitafuna sote, na watoto wakalala bila kulia. Hilo nitaliheshimu mpaka naingia kaburini. Lakini sisi tuliitafuna kwa sababu chakula hakikuwapo. Wewe unaimeza kwa sababu chakula kipo. Hapo, mwanangu, akili yangu imefika mwisho wa kamba.

3. Binti wa Sofia Swartbooi alivimeza hivyo hivyo vya kwenu. Alikonda, sikatai, tulimwona sote kanisani akipita katikati ya viti bila kugeuka upande. Kisha moyo ukaanza kumwenda mbio, usingizi ukamkimbia, akapelekwa zahanati. Akamwambia nesi, “Sista, ni majani tu.” Nesi akamjibu, “Hata sumu ya mishale ni majani tu, mama.” Alipoviacha, kilo zake zilirudi na zikaja na jamaa zao. Sasa nieleze, mteja wako amenunua nini?

4. Hili ndilo kubwa. Jumamosi iliyopita walikuja Wakooper kutoka Luderitz kukuposa kwa ajili ya kijana wao Festus. Tuliwapokea kama inavyotakiwa. Wakasimama nje ya lango juani, shangazi yako Aletta akawauliza, “Mmepotea? Hapa hatuuzi mbuzi.” Mzee Josafat, msemaji wao, akavua kofia akasema, “Tumesikia kuna ua zuri uani kwenu.” Aletta akamwambia, “Ua letu halimwagiliwi na watu wenye viatu vya vumbi namna hiyo. Rudini mkavifute!” Wakarudi, wakafuta, wakaja tena. Tukawatukana mpaka saa saba, kwa furaha kabisa. Tukawakaribisha ndani.

Nilikuwa nimechinja beberu. Mchuzi nilikuwa nimeutia mafuta ya mkia wa kondoo, na mikate ilikuwa inatoka kwenye makaa. Tabita, dada yake Josafat, akachota kijiko kimoja, akameza, akatazama dari. Akachota cha pili, akatazama mlango. Kisha Mzee Josafat akaweka kijiko chini akasema, “Ouma, sisi tumeshiba.”

Unajua maana yake kwetu. Mgeni wa posa akisema ameshiba kabla hajala, posa imelala. Wakaaga kwa adabu, wakaondoka na njaa yao, au bila njaa yao, sijui.

Ni vidonge vyako, Drusila! Vilikuwa vimeingia chunguni. Vimeingiaje, mimi mwanamke mzee nitajuaje? Kichupa kilikaa rafuni karibu na chumvi, kimejaa maandishi, na mimi sisomi. Kosa ni la aliyemtumia maandishi asiyesoma.

5. Mchuzi uliobaki nikawapa mbwa. Mbwa wasio na njaa hawana sababu ya kulinda kitu. Usiku ule mbweha aliingia zizini akachagua mwanambuzi kwa starehe, kama mtu aliye dukani, na mbwa wakamtazama.

6. Sasa piga picha nchi nzima inameza hivyo vitu. Hakuna atakayekula, kwa hiyo hakuna atakayefuga. Hakuna atakayeposa, maana posa ni chakula. Na mazishi je? Nani atakaa siku tatu kwa wafiwa kama hakuna chungu jikoni? Tutazikwa na mchungaji peke yake, naye atakuwa amekonda kiasi kwamba upepo utamtupa shimoni, na hapo hatakuwapo wa kumzika yeye. Taifa limekwisha, na chanzo ni kichupa.

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima mambo mawili. Kwanza, uache kuvimeza na uache kuviuza. Pili, na hili si ombi langu bali ni la desturi: posa ikilala inaanzwa upya, na safari hiyo haisikilizwi mpaka binti mwenyewe amekaa siku saba jikoni kwa bibi yake, akipika na kuonja, ili wageni waamini chakula cha nyumba ile. Wakooper wamekubali kurudi Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Desturi sikuitunga mimi.

Wasalimie wote huko: mwenye nyumba wako, mwenzako wa dukani mwenye kikohozi, mwimbishaji wa kwaya yenu. Na Festus mwambie sina neno naye. Masikio yake ni makubwa, lakini anayatumia.

Ni mimi, mwenye hasira na wewe na mwenye wewe,
Ouma wako, Magrieta Isaaks

Baada ya kuandika: Efraim alikwisha kulamba bahasha. Nimemwambia aifungue, maana siwezi kumfanya mzee wa kanisa apeleke uongo posta.

Ni mimi niliyevitia. Vidonge kumi na viwili. Nilivipasua kimoja kimoja kwa kisu, nikamwaga unga wote chunguni, nikakoroga, nikaonja mwenyewe kwanza, sikufa. Sihitaji kusoma ili kuutambua mmea wa nyuma ya zizi langu. Posa ilikuwa inakwenda vizuri mno, Drusila. Wanacheka, Josafat keshaanza kuniita mkwe. Nikaona wakikubaliwa siku ile ile, utaolewa huko huko mjini, utahamia Luderitz baharini, na mimi nitakuona siku ya kunizika tu.

Kwa hiyo malalamiko yote uyafute. Ni dawa nzuri sana. Kama iliua njaa ya Wakooper au iliwaunguza ulimi tu kwa uchungu, sitajua kamwe, lakini imenipa mjukuu wangu siku saba, na hakuna mganga aliyewahi kuniahidi hilo. Festus usimwambie mpaka mpate mtoto wa pili. Efraim, aliyemaliza sahani mbili siku ile kwa adabu, ameweka kalamu chini. Ameiokota.

Panda basi la Ijumaa, tarehe sita. Ukishuka usipitie kwa mke wa mchungaji kusalimia, atakupa keki. Njoo moja kwa moja, na tumbo tupu.