Turudishieni Uvundo Wetu

Nyumba ya Nne, Kichochoro cha Makaa,
Barrendale, New South Wales.
Tarehe 9 Agosti, 1911.

Kwa Bwana Ledgerwood,
Meneja wa Kiwanda cha Gesi.

Mheshimiwa Bwana,

Pokea salamu za heshima kutoka upande wa pili wa ukuta wako. Mimi hunijui, ila shuka zangu huenda umeziona, maana nikizianika nyeupe asubuhi, kufika mchana zimeshavaa rangi ya kiwanda. Lakini siandiki kwa ajili ya shuka. Hayo tumeshayazoea. Naandika kwa ajili ya mwanangu Dulcie, mwenye miaka minne, ambaye ana kifaduro wiki ya saba sasa, na wewe umemfungia dawa.

Unajua mwenyewe kwamba kila Jumanne vijana wako hufungua yale masanduku makubwa ya chokaa yanayosafisha gesi, wakaikomba ile chokaa chafu kwa makoleo. Uvundo unaotoka hapo hauna mfano. Macho yanachuruzika, meno yanauma. Na tangu mimi mdogo, akina mama wa mji huu huwaleta watoto wenye kifaduro, wakawainamisha juu ya sanduku wavute. Mimi mwenyewe niliinamishwa na marehemu mama yangu, na niko hai, ijapokuwa sisikii harufu ya kitu chochote.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, nilifika na Dulcie mgongoni, nikakuta lango lina mnyororo na bango jipya. Mimi kusoma ni kwa kubabaisha, basi Mzee Pascoe, bawabu wako, akanisomea huku akitazama viatu vyake: MARUFUKU AKINA MAMA NA WATOTO. HEWA YA HUMU NDANI NI HATARI KWA AFYA.

Nikamwuliza, "Tangu lini, Mzee Pascoe?"

Akasema, "Tangu Ijumaa, mama."

"Ijumaa! Na Alhamisi ilikuwaje?"

"Alhamisi ilikuwa dawa. Usinitolee macho mimi, mama, kazi yangu ni mnyororo."

Basi, Bwana, ninayo malalamiko. Nimeyatia namba kwa sababu Bi Tuohy wa nyumba ya tano, ambaye ananisaidia herufi, anasema watu wa ofisini hawasomi kitu kisicho na namba.

1. Barua yako mwenyewe. Mwaka juzi rangi ya milango yetu ilipogeuka nyeusi, na ndege wa manjano wa Bi Tuohy akafa katikati ya wimbo, tulikuandikia kulalamika. Ukatujibu kwa mkono wako kwamba harufu hiyo haina madhara, kwamba madaktari wengi huisifu kwa magonjwa ya kifua, na kwamba sisi wa Kichochoro cha Makaa tujihesabu kuwa watu wenye bahati. Bi Tuohy aliitia barua hiyo kwenye fremu, akaitundika chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Tulikuamini, Bwana. Tangu siku hiyo tuliacha kulalamika tukaanza kuvuta. Hata yule ndege tukasema labda hakuwa na kifaduro, ndiyo maana dawa ilimzidi nguvu.

2. Usije ukadhani mimi ni mama wa kukimbilia mambo makubwa kabla ya kujaribu ya nyumbani. Nimejaribu yote. Mama mkwe wangu alianza na matone ya mafuta ya taa juu ya sukari. Mtoto akatapika mpaka akawa kama kitambaa, mama mkwe akapiga makofi akasema, "Unaona? Huo ndio ugonjwa unatoka!" Tukaja kwenye panya wa kukaangwa kwa siagi. Nikamdanganya Dulcie kwamba ni kuku, akaniuliza, "Mama, mbona kuku huyu ana mkia?" Tukaazima punda wa muuza maziwa, mtoto apitishwe chini ya tumbo lake mara tisa. Mara ya saba punda akarusha teke, likapita karibu na sikio, na mama mkwe akashikilia kwamba hesabu imeharibika tuanze upya kwenye moja. Mwisho akaleta chupa ya dawa ya kutuliza, iliyochorwa malaika kwenye karatasi yake. Dulcie alilala Jumamosi mchana akaamka Jumapili jioni. Saa zote hizo nilikuwa nimemshikia kioo puani nione kama kinapata ukungu. Chupa niliimwaga kwenye karo, na mende wa karo hatujawaona mpaka leo.

Kwa hiyo unielewe. Katika dawa zote za mji huu, ya kwako ndiyo pekee ambayo mtoto hahitaji kuimeza.

3. Naomba unifafanulie hatari hii inaishia wapi. Bango linasema humu ndani. Mimi nimesimama kichochoroni na kidole nimekilowesha mate, na upepo unatoka humo ndani kuja kwangu. Sasa hewa hiyo ikiruka ukuta inatubu? Dirisha la Dulcie linatazamana na masanduku yako, lakini juu ya kitanda chake hakuna bango. Kama ni hatari, umechelewa kunitundikia miaka kumi na miwili, tangu nilipoolewa nyumba hii. Kama ni dawa, nifungulie. Chagua moja, Bwana, nami nitaifuata hiyohiyo. Mimi ni mtu wa kusikia ninachoambiwa na wakubwa, na hilo ndilo limenifikisha hapa.

4. Hili linaniuma kama mzazi. Bi Tuohy hufua nguo za nyumba yako kule kilimani, na ameniambia kwamba kijana wako Cedric naye alipata kifaduro mwezi wa Juni. Akaniambia pia kwamba hukumleta kwenye masanduku hata mara moja. Ulimpakia kwenye gari moshi pamoja na yaya, ukampeleka milimani kwenye misonobari. Nilikusikitikia sana. Baba una dawa yote hiyo, vijana wako wanaitupa kwa makoleo, na mwanao hapati hata pumzi mbili! Nikajua ni shughuli nyingi. Kwa hiyo nakukaribisha umlete kwetu. Atalala na Dulcie, na nitamweka upande wa dirisha, maana mgeni hupewa mahali pazuri. Na kama mama yake hataki kuachana naye, mume wangu anafanya kazi kwenye matanuru yako na anajua kuendesha mkokoteni. Jumanne ijayo anaweza kuwaletea chokaa ya kutosha, ikiwa bado ina moto, akaimwaga chini ya dirisha lenu la chumbani. Wala hatutawadai shukrani.

5. Mtoto wa akina Crimmin, nyumba ya pili, aliletwa kwako kila Jumanne bila kukosa, mvua na baridi. Tulimzika Julai. Watu wanasema mama yake alichelewa kuanza. Bwana, mimi sitaki kusemwa hivyo. Dulcie akianza kukohoa midomo inageuka zambarau, halafu kifua kinasimama, kimya kabisa, halafu ndiyo inakuja ile sauti ya kuvuta pumzi kama jogoo. Hapo kwenye kimya ndipo mimi ninapokaa. Sijui wewe ulikaa hapo kwa Cedric, au alikuwepo yaya tu.

Baada ya hayo, maombi yangu ni madogo. Lango lifunguliwe Jumanne, na Ijumaa pia kwa watoto walio hoi. Na kwa kuwa dawa nzuri haifai kuachiwa kichochoro kimoja, naomba uvute bomba mpaka shuleni ili watoto wote wapate sawa. Bomba jingine liende kanisani, kwa sababu padri wetu naye hushikwa na kikohozi kila anapofika kwenye mahubiri juu ya matajiri, na hatujawahi kuusikia mwisho wake. La tatu, lile nene, liingie kwenye ukumbi wa baraza la mji, ambako waheshimiwa walikaa wakaamua kwamba mahali pazuri pa kiwanda ni hapa kwetu. Madirisha ya ukumbi yafungwe vizuri wakati wa kikao, dawa isipotee bure.

Mume wangu amesikia Bi Tuohy akinisomea haya yote kwa sauti, akasema, "Honora, utanifukuzisha kazi." Nimemwambia Bwana Ledgerwood ni mzazi. Akasema, "Ndiyo, mzazi wa Cedric." Mimi nimeamua kutomsikiliza.

Nisalimie mkeo, umpe pole ya safari ya mwanawe. Nisalimie Cedric na yaya wake, makarani wote wa ofisini, na Mzee Pascoe asiye na kosa. Nisalimie hata huyo aliyeandika bango. Mwandiko wake ni mzuri, herufi zimesimama kama askari, hata mimi nilitambua neno HATARI kabla sijasomewa.

Ni mimi nikuheshimuye na kuvuta unachokiachia,

Honora Skehan (Mama Dulcie)

Nyongeza, tarehe 20 Agosti.

Barua hii imekaa nyuma ya saa ya ukutani siku zote hizi bila kutumwa. Jioni ileile niliyoimaliza alikuja dada yangu Nonie, ambaye mumewe anachunga kondoo kule Mulga. Akamwona Dulcie, akamfunga kwenye blanketi akamweka kwenye mkokoteni. Sikumzuia. Lango si limefungwa, nikasema, atakosa nini.

Jana nimekwenda kumwona. Kule hakuna uvundo wowote wa kumsaidia mtoto, kuna kondoo tu. Nimemkuta anakimbiza mbwa uani, anapiga kelele kama mwendawazimu. Nikasimama pale pale nikingoja akohoe. Nikangoja mpaka chai niliyowekewa ikapoa. Hakukohoa. Nikamwuliza Nonie amempa dawa gani, maana nilitaka jina lake niwaletee wenzangu.

Akasema, "Sijampa kitu, mdogo wangu. Nimemfungulia dirisha tu."

Basi, Bwana, futa la kwanza mpaka la tano, na mabomba yote matatu. Usilifungue lango. Aliyeandika bango ndiye mtu pekee wa kiwanda chako aliyewahi kutuambia kweli, na ningeomba apandishwe cheo.

Ninalotaka sasa ni moja. Wewe ulipojenga nyumba yako ulijua mtoto alale umbali gani kutoka kwenye ukuta huu. Tuandikie. Tuko kaya kumi na tatu kichochoroni na watoto thelathini na wawili, na Dulcie harudi mpaka nipate jibu.