Malalamiko Kuhusu Dawa ya Bibi Kupandishwa Daraja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Orodha ya Dawa,

Shikamoo. Sijui umri wako, lakini mtu anayeamua nani ameze nini hawezi kuwa mdogo.

Mimi ni mjukuu wa mwanachama wa bima yenu. Nina miaka kumi na sita, na nakuandikia kwa sababu kuandika hakumlazimishi mtu kutazamana na mwenzake. Kwa mdomo nisingeweza. Mwalimu akiita jina langu naitikia kwa sauti ambayo hata mimi siisikii, na kwenye daftari la mahudhurio nimeandikwa mtoro mara nne nikiwa nimekaa dawati la mbele.

Kwa heshima na taadhima, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Barua yenu ya mwezi uliopita ilikuja kwa ile lugha nyingine, lugha ya mihuri. Nyumbani mkalimani ni mimi, kwa kuwa shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili naziogopa sawasawa. Nikasimama mbele ya meza, Bibi, mjomba na mdogo wangu wa miaka tisa tunayemwita Spika wakinikodolea macho, nikatafsiri: dawa ya Bibi ya presha, ile ya boksi la njano, imetolewa daraja la pili imepelekwa daraja la nne. Nikaongeza la kwangu: "Hongera, Bibi, dawa imepanda." Bibi akapiga kigelegele. Mjomba akanipa mkono. Kwetu mtoto akitoka la pili akaingia la nne bila kukanyaga la tatu, anaitwa kichwa.

Aya ya mwisho niliiruka. Ilikuwa na jina moja la kikemia lenye herufi kumi na tisa, na mjomba ana tabia ya kuigiza matamshi yangu wiki nzima. Haikuonekana kuwa na maana sana.

2. Furaha ilidumu mpaka dirisha la famasi. Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba kwenye orodha yenu dawa ya daraja la kwanza mgonjwa huchangia kidogo na bima hubeba mzigo. Kila daraja likipanda, mzigo unarudi mgongoni kwa mgonjwa. Na dawa ikifika la nne, ninyi mnabaki kuusindikiza mzigo kwa macho. Mheshimiwa, ngazi hii aliyeijenga aliishika kichwa chini miguu juu. Mfamasia aliniambia, "Mwanangu, ngoja kwanza, kuna jambo nikueleze." Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu sita, wote wana masikio. Nikasema asante, nikaondoka. Wiki iliyofuata akaniita tena, nikasema asante tena. Nikiwa nakimbia nina adabu sana.

3. Kuhusu kibali. Mnasema dawa ya daraja la nne haitoki mpaka daktari aombe ruhusa kwenu, na fomu ya kuombea ruhusa tuiombe kwa simu. Yaani daktari aliyemfunga Bibi ule mkanda wa mkononi, akaujaza upepo, akatikisa kichwa, aombe ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi hata kumsikia Bibi akikohoa. Sawa, nikapiga. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nikausikiliza muziki wenu mara kumi na moja, sasa nauimba nikiosha vyombo. Hatimaye dada mmoja mwenye sauti nzuri akasema, "Karibu, nikusaidie nini?" Nikamjibu, "Samahani, nimekosea namba." Nakiri kwamba hapa kosa si lenu peke yenu.

4. Kuhusu kushindwa. Barua inasema kama hatutaki kibali, basi Bibi ajaribu kwanza dawa za bei nafuu, ashindwe nazo, ndipo arudishiwe ya kwake. Nilipomtafsiria aliuliza, "Kushindwa kwenyewe ndiyo vipi? Nianguke wapi, hapa sebuleni au niende nikaangukie kwao?" Swali hili sikulipata kwenye fomu zenu. Naomba ufafanuzi, pamoja na anwani.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu boksi la njano lianze kwisha, Bibi anakata kidonge kwa kisu cha vitunguu. Nusu leo, nusu kesho, na ungaunga unaobaki kwenye ubao anaulamba kwa kidole, eti usipotee. Tukimwambia, anajibu kwamba presha yake naye ni mtu mzima, itaelewa. Jumanne haikuelewa. Alikuwa anapanda ngazi za jengo letu na mfuko wa viazi, akafika ngazi ya nne, akakaa. Viazi viliteremka peke yake hadi mlangoni kwa fundi cherehani wa chini, ambaye alitoka na futi shingoni akamkuta Bibi ameshika kichwa, anasema anapumzika tu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilitakiwa kupiga kelele za kuomba msaada. Sauti haikutoka, Mheshimiwa. Viazi ndivyo vilivyoita msaada.

6. Kwa kuwa utaratibu wenu ni mzuri kiasi cha kuufunga kwenye bahasha, napendekeza utumike kwa haki kwa watu wote. Kabla hujakalia kiti chako cha kuzunguka, ujaribu kwanza vigoda viwili vya bei nafuu, uanguke navyo vyote, mfamasia awe shahidi. Kabla hujala mchana, ule kwanza picha ya chakula. Ukipatwa na njaa, mkeo akuombee kibali kwetu, nami nitapokea simu kwa muda wangu, baada ya muziki. Familia yetu tumeshaanza. Spika tumemweka daraja la kwanza: anapatikana saa zote, bila kuombwa, hata kwa wasiomhitaji. Mjomba yuko la pili, hutoka kwa mchango mdogo. Mimi niko la nne. Sipatikani bila kibali cha maandishi, na hata kikija, watu hushauriwa wajaribu kwanza ndugu zangu.

Kwa hiyo naomba dawa ya boksi la njano irudishwe daraja la pili kabla ya Ijumaa, kwani vidonge vimebaki vitatu, sawa na nusu sita.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kitengo, dada wa simu ambaye namba yake sikuikosea, na mpiga kinanda wa ule muziki. Bibi anakusalimu pia, ila salamu zake nimezipunguza makali.

Wako mtiifu katika foleni,
Mjukuu wa mwanachama

Tanbihi: Bibi alitaka asomewe barua hii kabla ya kuweka sahihi. Mimi nikaona haya, nikampa Spika. Akaisoma, kisha bila kutumwa akaichukua na ya kwenu niliyoiambatanisha, akaisoma hadi mwisho, pamoja na ile aya niliyoiruka. Jina la herufi kumi na tisa alilivunja vipande kama muwa, kipande kimoja kimoja, kwa sauti ya kufika kwa fundi cherehani. Mjomba akaenda nalo famasi. Mfamasia akamtolea boksi jeupe: dawa ileile, kipimo kilekile, jina jingine, daraja la kwanza, haihitaji kibali. "Ndicho nilichokuwa nataka kumwambia yule binti anayekimbia," akasema.

Kwa hiyo tafadhali puuza namba moja hadi sita. La vigoda waweza kulifikiria.

Bibi ana siku tatu anameza kidonge kizima, na jana ngazi ya nne aliipita bila kuisalimia. Hakunigombeza. Aliniita, "Mke mwenzangu, njoo hapa. Jina la dawa ukilikosea, tutakucheka. Usipolitaja, mtanizika." Kisha akanisimamisha palepale mezani nilitaje. Nililikosea, kwa lugha zote mbili. Mjomba ameshaanza kuniigiza.