Mgeni Rasmi wa Kwaya ya Isansa

Brayan hajui kuimba. Hata mluzi unamshinda. Lakini siku alipoona vijana wamepanga foleni nje ya studio moja pale Tunduma, kila mmoja na flashi yake mfukoni, wakiambiwa warudi kesho, moyo wake ulicheka. Kesho yake alikuwa na meza nje ya duka la simu, miwani myeusi usoni, na kibao: MENEJA BRAYAN. USHAURI WA NYIMBO. TUNAPELEKA LUSAKA.

Kazi yenyewe nyepesi. Anafumba macho, anakunja uso, kisha anasema, "Kiitikio kimechelewa kuingia." Aliwaambia hivyo wa bongofleva, akawaambia wa injili, mpaka jamaa mmoja aliyekuja kuulizia choo.

Ndipo akaja Atuganile, mwalimu wa kwaya kutoka Isansa, na wimbo alioutunga mwenyewe na kinanda cha kwaya begani. Akaimba. Jamani, dereva wa lori alizima injini ili asikilize!

"Kiitikio kimechelewa kuingia," Brayan akasema. "Ila unatengenezeka. Niachie kinanda wiki moja, mafundi wangu wa Lusaka waupige upya."

"Meneja, kinanda hiki wanakwaya wamekinunua kwa kahawa yao. Kikipotea, mimi Isansa sirudi."

"Dada, kwani nafanana na mwizi?"

Alifanana, sema Atuganile ni mstaarabu. Akakiacha.

Wiki moja ikawa tatu. Kila akipiga simu, Lusaka umeme umekatika. Akaja mwenyewe, akamuuliza Imelda, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Imelda alicheka hadi mwiko ukamponyoka.

"Lusaka? Huyo mwisho wake Nakonde, hapo tu nyuma ya mpaka, kununua sukari. Kinanda anacho nyumbani, juzi alitaka kuniuzia mimi!"

Atuganile hakupiga kelele. Alivuka barabara.

"Habari za kazi, meneja. Jumapili tunazindua ule wimbo, na kwaya imekuchagua uwe mgeni rasmi. Kwaya sita zinakuja, kila moja na kinanda chake na nyimbo zinazotafuta soko. Wakikuona unaturudishia chetu, watakuamini."

Vinanda sita kwa kimoja! Brayan alikubali kabla hajamaliza kusikia. Mgeni rasmi hutoa bahasha, hilo alilijua, kwa hiyo akaijaza yake vipande vya gazeti, akaifunga kwa gundi, akakodi suti.

Isansa walimvika taji la maua. Kinanda kikapokelewa kwa vigelegele, na kwaya ikaimba jina lake hadi akajiona mtu. Kisha mzee Gwakisa, mwenyekiti wa kwaya, akashika kipaza sauti.

"Desturi yetu hapa, bahasha ya mgeni rasmi anaifungua mwenyewe, mbele ya wote."

Nawaambieni, jasho lilivyomtoka!

"Aa, mzee wangu... nimebeba bahasha siyo. Hii ni ya ofisi."

"Hamna neno, mwanangu. Toa ulichonacho."

Kwaya ikaanza upya, Brayan, Brayan, meneja wetu, na kina mama wakamzunguka na kapu huku wakicheza. Ikaingia pochi. Hawakunyamaza. Ikaingia saa, ikaingia miwani. Walinyamaza simu ilipotua kapuni. Miwani walimrudishia, hawakuona kazi yake.

Getini alimkuta Atuganile amekikumbatia kinanda, machozi ya furaha yanamtoka na wala hayafuti.

"Meneja, hujatupa maoni yako. Kiitikio leo vipi?"

Brayan akaitazama barabara ya kurudi Tunduma, mfukoni hana hata nauli.

"Leo," akasema, "kimewahi."