Vita vya Hilmi Kandili na Beringi Mbili

Nyamazeni, enyi watu wa mitaa yote. Zimeni redio, wakalisheni watoto, mwenye kutafuna na ameze! Yanatajwa leo mambo ya Hilmi mwana wa Kandili, Simba wa Kichochoro cha Wafua Shaba mjini Tanta, karani wa idara ya maji, mwenye tumbo pana na bisibisi moja, ambaye kwa siku tatu za mwisho wa Ramadhani alipigana na vyuma viwili vya duara, kila kimoja kikubwa kama kitumbua, na dunia yote ikasimama kumtazama. Yaani kichochoro.

Shujaa huyu alikuwa na farasi wa chuma: pikipiki ya Kicheki, kongwe kuliko ndoa yake, nyekundu pale ambapo kutu haijafika. Miaka miwili ilikuwa ikinguruma tumboni kama gunia la mawe linaloburutwa ngazini, na miaka hiyo miwili majemadari wa mkahawani walikuwa wakitoa hukumu. Wa kwanza alisema ni mnyororo. Wa pili, petroli chafu. Wa tatu, jicho la hasidi. Hilmi, kwa hekima yake isiyo na ukingo, akaafiki la tatu, akafunga ushanga wa buluu kwenye usukani. Pikipiki ikaendelea kunguruma, na ushanga ukatetemeka nayo.

Ndipo Insafu mkewe akatangaza vita.

"Sikiliza, baba. Mitwalli wa chuma chakavu akichukua hiyo takataka atanipa mashine ya kufulia na mabeseni matatu. Anapita alasiri ya mkesha wa Idi. Ikiwaka bila ngurumo, kaa nayo. Ikinguruma, naipakia mimi mwenyewe mkokotenini."

"Insafu! Farasi wangu kwa mabeseni?"

"Farasi hula akamfikisha mtu. Huyu wako anakula tu."

Maneno hayo yalimchoma Hilmi mahali ambapo hata joto la Tanta halijawahi kufika. Akaapa mbele ya paka wawili kwamba hatalala kabla hajamjua adui. Kisha akalala, maana ilikuwa mchana na alikuwa amefunga.

Alipoamka akaiwasha pikipiki, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama tabibu anayempima sultani. Kwenye silinda: shwari. Kwenye gia: shwari. Chini, inapozungukia shafti kuu: krrr, krrr, krrr! Akaifumua injini sakafuni sebuleni, juu ya mkeka wa Insafu, akaishika ile shafti na kuitikisa. Ikacheza juu na chini kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Beringi zimekwisha!" akanguruma, akiwatazama wale paka.

Miaka miwili, enyi wasikilizaji, ule ushanga ulikuwa ukilinda beringi zilizokufa.

Kuzitoa zile mbovu kulimgharimu kucha mbili na heshima ya majirani. Akanunua mpya dukani, lakini beringi mpya hazipigwi nyundo. Hugandishwa zisinyae, na maganda ya injini, yale mawili ya chuma yanayoifunika, hupashwa moto yatanuke, ndipo ziingie zenyewe. Akazilaza beringi kwenye friza baina ya mifuko ya mlenda. Na moto? Moto wa kutosha ulikuwa mmoja tu, tanuri la Mzee Zaghluli. Na siku hiyo, ya ishirini na nane, mbele ya tanuri walipanga foleni wanawake wote wa kichochoro na sinia za biskuti za Idi.

Hilmi akawaendea na maganda mawili kwenye sinia, beringi zikiwa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu.

"Enyi mama zangu, nguzo za mtaa huu! Nipisheni, maana heshima ya mwanamume—"

"Nyuma!" akasema Mama Naji, malkia wa foleni, mikono imejaa unga hadi viwikoni. "Na hiyo nini? Inanuka gereji! Biskuti zangu zile mafuta ya injini?"

"Nimeyaosha, mama."

"Kayaoshe tena. Kwa sabuni. Mpaka niweze kuandalia wageni humo."

Akaosha mara tatu. Kisha, kwa kununua nafasi yake, akabeba sinia sita za Mama Naji hadi ghorofa ya tano, na kila ngazi ikamdai kwa jina.

Hatimaye Mzee Zaghluli akayatoa maganda kwa koleo refu. Mafundi wa Tanta hutema mate juu yake: yakirukaruka, moto umetosha. Hilmi akainama, akayaita majeshi ya kinywa chake. Hakuna aliyeitika.

"Tema, bwana, yanapoa!" akafoka Zaghluli.

"Sina."

"Huna nini?"

"Mate! Nimefunga!"

"Na sisi tumekula?" akasema Mama Naji, akachovya vidole kwenye maji ya kukandia, akarusha matone. Yakaruka, yakacheza, yakatoweka. "Haya, shujaa. Tia."

Hilmi akaiachia beringi ya kwanza. Tak! Ya pili. Tak! Ziliingia kwa uzito wao wenyewe, bila msaada wowote wa Simba, na Simba akainua mikono juu kama aliyeteka ngome.

Mkesha wa Idi, alasiri, Mitwalli akasimamisha mkokoteni mlangoni, mashine ya kufulia ikiwa juu kama bibi harusi. Insafu akafunga mikono kifuani. Hilmi akapiga kiki. Mara saba hakuna kitu. Ya nane, injini ikawaka, laini, bila jiwe hata moja tumboni.

Insafu akatega sikio. "Na hicho kinachogonga?"

"Madigadi. Siku zote iligonga. Ilikuwa haisikiki tu."

Insafu akaitazama mashine ya kufulia kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akamwambia Mitwalli, "Basi chukua zile beringi mbovu."

Mitwalli akazipima mkononi beringi mbili kuukuu, akatoa vibanio viwili vya nguo, akaondoka akibana kicheko.

Basi na iandikwe: hiyo ndiyo ngawira iliyoletwa na vita vya Tanta. Vibanio vile viko kwenye kamba ya Insafu hadi leo, kimoja cha kijani na kimoja cha njano, vimeshika soksi za mshindi, ambazo Insafu angali anazifua kwa mkono.