Otto, Gunzi na Bima ya Shemeji

Alhamisi, 4 Julai
Sherehe ya Uhuru kwa dada yangu Lorna. Nyama, fataki, mahindi ya dukani (yetu ya Iowa bado hayajakomaa). Mumewe Dwight katangaza kwamba anamlipia bima mbwa wake Mabel, dola arobaini kila mwezi. Mbwa! Nimecheka mpaka kiti kikavunjika. Kilikuwa kibovu tangu zamani. Nimewaambia mimi nilivuka mafuriko ya 1993 ndani ya beseni, bila bima hata ya kofia. Na mbwa wangu Otto ana tumbo la chuma: aliwahi kula betri ya trekta, akabweka cheche siku mbili. Ili wasadiki, nimemtupia gunzi. Kalimeza zima. Makofi!

Ijumaa, 5 Julai
Otto hali chakula. Anatapika. Ananitazama kana kwamba kosa ni langu.
Akili ikachemka: nikate bima leo kwa simu, kesho nimpeleke kliniki. Dada wa bima akanipongeza, kisha akanisomea masharti. Inaanza kufanya kazi baada ya siku kumi na nne. Nikamsihi Otto avumilie siku kumi na nne. Akatapikia kiatu changu. Cha kanisani!

Jumamosi, 6 Julai
Otto hawezi kusimama. Macho yangu mekundu. Vumbi tu.
Mpango wa pili. Otto na Mabel ni aina moja, masikio mpaka sakafuni. Nimembeba hadi kliniki, nikasema huyu ni Mabel wa Dwight, mwenye bima. Daktari Vondra akapitisha kimashine shingoni kutafuta namba iliyo chini ya ngozi. Hakuna. Kumbe Mabel anayo! Kisha akamgeuza chali. Akasema Mabel alimfunga kizazi kwa mikono yake mwenyewe, angependa kujua hizi korodani zimeota lini. Nikamjibu ni lishe bora.
Hakucheka. Asipopasuliwa leo, Otto haioni Jumatatu. Dola elfu tatu na mia nane. Akanitajia mkopo wa matibabu: miezi sita bila riba, ila ikibaki hata senti moja, riba yote inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Nikasaini kwa mbwembwe. Kompyuta ikanikataa kabla sijarudisha kalamu. Ni lile deni la boti ya 2016 nisilolilipa, najua.
Daktari akampigia Dwight. Kaja na ndara. “Shemeji, nasikia Mabel wangu mahututi?” Mabel mwenyewe anachungulia kwenye dirisha la gari lake! Mapokezi yote yakaangua kicheko. Halafu akamwona Otto. Akavuta fomu ya mkopo, akasaini jina lake. Kaniambia tu deni liishe kabla ya Januari, na ile bima niliyoikata jana nisiivunje. Nikaapa kwa kaburi la mama. (Mama yuko Florida, anacheza gofu.)

Ijumaa, 19 Julai
Otto mzima! Kovu refu kama reli. Mgahawani nimewasimulia jinsi nilivyomwelekeza daktari pa kukata.
Bima ilikuwa ianze kazi leo. Nimeivunja asubuhi. Mbwa keshatengenezwa, ya nini tena? Na mkopo wa Dwight unataka kidogo tu kila mwezi. Kitakachobaki Januari kitajijua.
Mahindi yetu ya kwanza yameingia sokoni. Kwa kusherehekea nimechemsha matatu, nimeyamaliza mwenyewe. Naandika haya Otto yuko chini ya meza, katulia, mtiifu sana leo.
Kwenye sahani naona magunzi mawili.