Gunia la Hoho na Cherehani ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka na akili nyingi kuliko jana. Wiki hii zamu ya kupika chakula cha mchana kwenye chumba chetu cha ushonaji ni yangu. Tuko wanne: Fundi Mkuu mwenye chumba, Mpiga Pasi, Bi Vifungo na mimi. Wote tunachangia mfuko wa chakula, na kila mmoja ana wiki yake jikoni. Lakini wiki hii si ya mchezo! Mzee aliyekuwa akishonea dirishani amestaafu. Fundi Mkuu amesema Ijumaa atampa cherehani ile mtu anayejua kutunza mali ya wote. Aliposema hivyo alitazama sufuria. Nilimwona.

Naitaka cherehani ile. Si kwa ajili ya macho. Macho yangu ni mazima! Nyuzi za siku hizi ndizo nyembamba mno, na kona yangu ina giza. Wiki iliyopita nilishona mfuko wa suruali ukazibika kabisa. Fundi Mkuu alisema nikikosea tena nitaacha kushona, nitafagia.

Basi nikapita sokoni. Muuza mboga, Mungu ambariki, huniita shemeji ingawa hatuna undugu. Alikuwa na gunia zima la pilipili hoho, zimelegea kidogo tu, bei ya kutupa. Nikatoa mfuko wote wa chakula. Wote! Mchele, maharage na vitunguu vimebaki kutoka wiki ya Bi Vifungo. Mwanamke mchoyo yule, na leo naushukuru uchoyo wake.

Nikakaanga hoho na vitunguu, nikamwagia juu ya wali. Wakala kimya. Kimya ni sifa.

Jumanne, 5 Machi

Hoho ndani ya maharage. Mpiga Pasi akauliza kama na kesho ni hoho. Nikamwambia ashukuru kuna kesho. Bi Vifungo akachungulia gunia, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wivu! Naye anaitaka cherehani ya dirishani, najua. Mke wangu naye kasema nyumbani nisilete hata moja. Nimemshukuru kwa uwazi wake.

Jumatano, 6 Machi

Gunia limeanza kuvuja. Nikafikiri haraka: nizijaze wali! Hoho moja, mtu mmoja, hakuna kupakua kwa kijiko. Lakini wali ulikuwa unamwagika juu. Mimi ni nani? Fundi! Nikachukua sindano na uzi wa kijani, nikashona kila hoho mdomo wake. Mshono mara mbili, fundo mwisho. Sijawahi kushona vizuri namna ile.

Hakuna aliyeweza kuzifungua. Fundi Mkuu aliuma, uzi ukanasa kwenye meno, hoho ikabaki inaning'inia kidevuni. Mpiga Pasi akachukua mkasi, akakata mshono. Mkasi wa nguo! Tena wa Fundi Mkuu mwenyewe, ambao hata karatasi haugusi. Alasiri ukakata shati jeupe la mteja, ukaacha doa la mafuta kifuani.

Fundi Mkuu aliliweka shati kando. Alitazama ufagio. Nilimwona.

Alhamisi, 7 Machi

Nilitaka kuugua leo. Nilikuwa nimeshachagua na ugonjwa. Mke wangu akanitoa nje pamoja na kifungua kinywa changu.

Kazini nikamkuta Bi Vifungo uani kabla yangu, gunia wazi, jiko linawaka. Nikajua amekuja kunimalizia. Kumbe anachambua. Zilizooza katupa. Zilizolegea kazilaza juu ya makaa mpaka maganda yakawa meusi, akazifunika kwenye sufuria, akazimenya kama anamvua mtoto soksi, akazitwanga na chumvi na kitunguu saumu alichotoa kwao. Zilizobaki ngumu akazikata nyembamba akazitia chupani na siki, za wiki ijayo. Vichwa na vipande akachemsha, ukawa mchuzi. Nikauliza kwa nini hakuniambia tangu Jumatatu. Akasema aliniambia Jumanne, nikamwita mwenye wivu. Kumbe nilisema kwa sauti!

Lile shati nalo alikuwa amelinyunyizia unga wa chaki ya kuchorea vitambaa tangu jana. Ulinyonya mafuta. Akalifua, doa halionekani.

Mchana Fundi Mkuu aliomba kuongezewa. Akauliza nani kapika. Bi Vifungo akaninyooshea kidole mimi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo. Sijui nimemtendea nini mtu huyu cha kustahili.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi Mkuu si mjinga. Alisema wazi anajua mkono uliopika jana, na cherehani ya dirishani ni ya Bi Vifungo. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa moyo, ingawa mikono ilikuwa mizito.

Bi Vifungo hakusimama. "Mpe yeye," alisema. "Vifungo nashona hata nikifumba macho. Yeye namtungia uzi kila asubuhi kabla hajafika. Akipata mwanga atautunga mwenyewe."

Na mimi nilidhani uzi ule sindanoni ni wangu uliobaki jana yake! Nililia mbele ya watu wote. Fundi Mkuu akakohoa, akasema basi nihamie dirishani, ila nikapimwe macho. Nikasema ndiyo. Namshukuru yeye, namshukuru Mpiga Pasi aliyenibebea kiti, na Bi Vifungo nitamshukuru maisha yangu yote. Nimeapa nitamlipa wema huu.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanga! Nimeshona pindo limenyooka kama kamba. Uzi nimetunga mwenyewe, kwa majaribio machache.

Tena kutoka hapa soko lote naliona. Muuza mboga alikuwa anashusha gunia la bilinganya. Nikafungua dirisha, nikauliza. Bei ya kutupa! Jumatatu zamu ya kupika ni ya Bi Vifungo tena, kabadilishana na Mpiga Pasi, na mfuko wa chakula tuliouchangia upya jana unakaa kwenye droo ya cherehani hii. Asihangaike mama wa watu na kwenda sokoni. Wema hauozi.

Nimemnunulia gunia zima. Nimelisukuma chini ya kiti chake. Atafurahi sana.