Ufunguo wa Chumba cha Ruti

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimehama chumba changu cha Ruti, Mbarara. Wanafunzi wangu wa Kifaransa wameisha. Narudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mke wangu, Cansilde. Mwenye nyumba, sajini mstaafu, ana garanti yangu, amana niliyoweka nilipopanga: laki moja na nusu, kodi ya mwezi mmoja. Hayo ni mabati manne! Yatafunika upande wa kitanda cha Cansilde, ambako turubai limepasuka, na mvua imeanza. Sajini alitaka ufunguo kwanza, pesa jioni. Mimi? Kwetu Uvira mpangaji haachi ufunguo kabla garanti haijafika mkononi. Nimeondoka nao mfukoni. Ameduwaa!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwandikia barua. Kurasa tatu, Kifaransa safi. Cansilde aliuliza kama sajini anasoma Kifaransa. Nikamjibu kwamba heshima ya barua haitegemei msomaji. Akasema, "Mzee, hata mvua haisomi," akasogeza sufuria chini ya tone.

Jumamosi, 16 Machi

Jirani yetu Ezira naye alihama Mbarara juzi. Alimpa mwenye nyumba wake ufunguo asubuhi, akalipwa jioni. Leo anapigilia mabati. Mtu ambaye hajamaliza kitabu kimoja! Ananishauri nirudishe ufunguo. Nimemweleza kwamba yeye alibahatika tu. Mimi nina mkakati.

Sajini amepiga simu, na Kiswahili chake cha jeshini: "Mzee, funguo iko na wewe, basi nyumba iko ya wewe. Mimi nahesabu siku." Anahesabu! Ameanza kuogopa.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji, Ruti. Sajini alikuja na daftari, mimi na hotuba. Mwenyekiti hakuitaka. Aliuliza tu ufunguo uko na nani. Nikauinua juu, wote waone. Tangu lini? Nikataja tarehe, hata saa. Siku thelathini. Basi, akasema, mzee amepanga mwezi mwingine na garanti imeulipa. Hakuna anayedaiwa. Watu wakacheka. Mama mmoja alinipa pole, akaniita mwalimu, akacheka tena. Nikauweka ufunguo mezani, sajini akasaini kuupokea. Kisha akanisindikiza hadi stendi na kunibebea mwavuli. Hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Cansilde amehamishia godoro lake kwa mke wa Ezira, chini ya mabati. Hakunigombeza. Alinikunjia blanketi, akasema nibaki na barua zangu. Miaka ishirini na sita tangu tuvuke mpaka, na hatujawahi kulala nyumba mbili.

Sajini anadhani yamekwisha. Hajui kwamba jana, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, nilipita kwa fundi nikachongesha ufunguo wa pili. Ninao hapa. Huu hautoki mfukoni mwangu mpaka garanti yote irudi.